Viinitete vilivyomo frizani: tusiazime ugomvi wa Wamarekani

Leo nataka tulizungumze jambo ambalo linapita mikononi mwetu kila siku bila ya mtu kulikalia kitako, nalo ni hizi seli shina zinazotolewa kwenye viinitete vya binadamu. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba ndani ya mwezi mmoja nimeletewa na mtu mmoja vitu viwili visivyopikika chungu kimoja. Cha kwanza ni ujumbe wa sauti unaosema kwamba wazungu wanachinja watoto wachanga wapate kutengeneza dawa, na kwamba sisi tunaofanya kazi kwenye hospitali zao tujiulize tunakula nini. Cha pili ni ombi la mchango: mtoto wa jamaa zetu, aliyezaliwa na ulemavu wa ubongo, apelekwe nje akapigwe sindano ya seli shina, na bei ya sindano hiyo ni kiwanja na nyumba juu yake. Aliyeleta vyote viwili ni shangazi yangu. Nampenda na namheshimu, wala sitaki kumuumbua, lakini hakuona kama pana mgongano wowote. Na naamini hayuko peke yake.

Mimi ni nesi. Shahada yangu nimeichukulia hapa Uingereza, nimefanya kazi wodi za wagonjwa wa kawaida, na sasa kwa miaka sita niko kwenye kliniki ya kuwasaidia watu wanaohangaika kupata mtoto. Kwa hivyo viinitete ninavyovisema mimi si vya kwenye televisheni. Vimo kwenye mapipa ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kila kimoja na jina la mama yake na tarehe.

Tuanze na kitu chenyewe, maana huku ndiko watu wanakopotea. Yai la mama likikutanishwa na mbegu ya baba ndani ya maabara, huachwa likue kwenye kisahani. Siku ya tano au ya sita linakuwa kitone kisichozidi nukta mwisho wa sentensi hii, kina seli mia na kitu, hakina moyo, hakina neva, hakina damu. Ndani ya kitone hicho kuna kifungu cha seli ambazo bado hazijaamua kuwa kitu gani. Zinaweza kuwa ngozi, ini, neva, chochote. Ukizichukua ukazilea vizuri zinaendelea kuzaana miaka na miaka, na hizo ndizo seli shina za kiinitete. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, ndio wa mwanzo kuzitoa kwa binadamu na kuzikuza. Na nisifiche: ukizitoa namna hiyo, kile kiinitete hakiendelei tena. Kimekwisha. Anayekwambia kwamba hapa hakuna suala la maadili anakudanganya sawasawa na yule wa kuchinja watoto.

Sasa, kelele nyingi tunazozisikia Kiswahilini zimetafsiriwa kutoka Marekani, tena zimetafsiriwa nusu. Kule mwaka 2001, tarehe 9 Agosti, Rais Bush alitangaza kwamba fedha za serikali zitatumika kwa seli ambazo tayari zimeshatolewa kabla ya siku hiyo tu, sio mpya. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kulegeza, akaipiga kura ya turufu, ndiyo ya kwanza katika urais wake wote, huku amezungukwa na watoto waliozaliwa kutokana na viinitete vilivyotolewa na wazazi wengine. Mwaka 2007 akapiga nyengine. Machi 2009 akaja Obama akaufuta uamuzi ule. Hayo watu wanayakumbuka. Wasichokijua wengi ni kwamba muda wote huo ugomvi ulikuwa juu ya fedha za kodi. Mwenye pesa zake binafsi alikuwa huru kuendelea na kazi hiyo, na kweli ule utafiti wa Thomson wa 1998 uliendeshwa kwa pesa za kampuni. Yaani nchi ile ile iliyokuwa ikilia juu ya utakatifu wa kiinitete iliacha kampuni zifanye zitakavyo, mradi bili isiende serikalini. Wajerumani nao wana yao. Sheria yao inakataza kuzitoa seli hizo nchini mwao, lakini tangu 2002 wanaruhusu kuziagiza kutoka nje kwa masharti, ziwe zimetolewa kabla ya tarehe fulani, na mwaka 2008 wakaisogeza mbele tarehe yenyewe. Nyama haramu, mchuzi halali.

Waingereza, na simsifu mtu kwa kuwa nakaa kwake, walilifanya jambo hili kwa utulivu zaidi. Baada ya kuzaliwa Louise Brown mwaka 1978, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo, waliunda kamati chini ya Mary Warnock, mwanafalsafa, ikatoa ripoti mwaka 1984. Kamati ilisema kiinitete kina heshima yake, lakini heshima hiyo si sawa na ya mtu, na kisikuzwe maabara kupita siku 14. Kwa nini 14? Kwa sababu karibu na hapo ndipo unapojitokeza mstari wa mwanzo wa mwili, na kabla ya mstari huo kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika kikawa mapacha. Sheria ya 1990 ikaweka mpaka huo, ikaunda mamlaka ya kutoa leseni, na anayevunja anashitakiwa jinai, awe wa serikali au wa kampuni. Ndio maana nasema huku kuna kitu cha kujifunza. Hawakusubiri wakubaliane wote kwamba roho inaingia lini. Walikubaliana nani aulizwe na mstari uko wapi.

Tuje kwenye dini, maana najua ndiko mnakongoja. Mimi si mwanachuoni, nasema niliyoyasoma na kuyauliza. Kwa Waislamu, hadithi mashuhuri ya Ibn Mas'ud inayataja mafungu ya siku arubaini arubaini kabla ya kupulizwa roho, na wanavyuoni wengi wamefahamu kuwa ni siku 120, ingawa wapo wanaoshika siku arubaini kwa riwaya nyengine. Imam Ghazali, ambaye sisi Washafi wa pwani tumemsoma tangu chuoni, alikuwa mkali zaidi: kwake kosa linaanza pale maji mawili yanapochanganyika tumboni, na linazidi uzito kila hatua. Lakini angalieni, alisema tumboni. Kiinitete cha kwenye kisahani hakijaingia tumboni, na kama hakuna atakayekibeba hakitakuwa mtoto hata ukikilinda miaka mia. Mwezi Disemba 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilikaa likaruhusu kutumia viinitete vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi, wazazi wakiridhia, na likakataza kuvitengeneza makusudi kwa ajili ya utafiti. Iran nako taasisi ya Royan ilitangaza mwaka huo huo wa 2003 kuwa imetoa seli zake yenyewe. Sasa huyu wa ujumbe wa sauti anayesema kwa jina la Uislamu kwamba ni haramu moja kwa moja, amelitoa kwa nani? Nahisi amelitoa kwa mhubiri wa Texas, akabadilisha salamu ya mwanzo.

Kanisa Katoliki ni jambo jengine, na msimamo wao nauheshimu ingawa si wangu. Tangu waraka wao wa 1987 wamesema kiinitete kiheshimiwe kama mtu tangu kutungwa, na wakakataa pia kutungisha mimba nje ya mwili. Wamefunga mlango wa mbele na wa nyuma. Ninaposhindwa mimi ni kwa yule anayekubali mlango wa mbele, anamuombea dua au anamfungia mfungo binti yake apate mtoto kwa njia ya kliniki, akipata anachinja mbuzi, halafu akisikia utafiti anasema wauaji. Mama! Mjukuu wako huyo amepatikana kwa sababu yalirutubishwa mayai manane au kumi. Wengine wako wapi?

Hili ndilo swali langu hasa, na kila nikiangalia mjadala wa kwetu naliona halimo. Katika matibabu haya hutengenezwa viinitete zaidi ya kimoja, kwa sababu vingi havifiki siku ya tano, na mwanamke hawezi kuchomwa sindano za mayai kila mwezi. Kinarudishwa kimoja, pengine viwili, vilivyobaki vinagandishwa. Mwanamke akishapata watoto wake wawili, frizani pamebaki vinne. Hapo tunawaletea karatasi. Muviweke zaidi? Muwape wanandoa wengine? Viachwe viyeyuke vife? Vitumike kufundishia wataalamu, au mvitoe kwa utafiti? Hakuna mlango wa sita. Na viwili katika milango hiyo mitano ndiyo huo utafiti na mafunzo tunaoupigia kelele, na cha kuyeyuka, ambacho hakuna anayekipigia kelele, ndicho watu wengi wanakiona cha kawaida.

Nimekaa na Wasomali, Wapakistani, Wanigeria, na watu wetu wa Mombasa, wa Unguja, wa Dar, wa Bujumbura, katika chumba kidogo chenye boksi la tishu mezani. Sitataja la mtu, siri ya mgonjwa ni amana. Lakini nitasema niliyoyaona kwa ujumla: watu wetu hawajazi karatasi. Wanailipia friza mwaka baada ya mwaka kwa sababu hawana wa kumuuliza. Wakimuuliza imamu au mchungaji itabidi waseme kwamba mtoto wao ni wa kliniki, na hilo hata bibi yake hajui. Mume anasema amua wewe, mke anasema ni vyako pia. Zamani hapa Uingereza kikomo cha kawaida kilikuwa miaka kumi. Tangu Julai 2022 mtu anaweza kuhifadhi mpaka miaka 55, ila kila miaka kumi athibitishe tena. Kwa hivyo sasa woga umepewa nafasi ya miaka 55. Sheria inawalinda vya kutosha, maana hata ukiweka sahihi unaweza kubadili nia mpaka pale kiinitete kitakapotumika, na mmoja katika wanandoa akijitoa unapewa muda wa mwaka mzima kutafakari. Kinachokosekana si sheria, ni mtu wa lugha yako wa kukwambia kwamba kuuliza si dhambi.

Msimamo wangu basi nauweka wazi, atakayenipiga mawe ajue anapiga nini. Kiinitete ambacho wazazi wake wameshasema hawatakirudisha tumboni, na ambacho njia nyengine ni kuyeyuka kwenye beseni, naona ni bora kitumike kutafuta tiba, kwa ridhaa yao ya maandishi, bure, na kwa leseni. Sioni heshima gani kinayoipata kwenye beseni ambayo kinaikosa kwenye maabara.

Lakini sivuki hapo. Kutengeneza viinitete vipya kwa kununua mayai ya wanawake, hapana. Na hapa sababu yangu si ya kiinitete peke yake, ni ya mwanamke, ambaye katika ugomvi wa Wamarekani hakutajwa kabisa, kama kwamba mayai yanaokotwa pwani. Yai halitoki hivi hivi. Mwanamke huchomwa homoni siku kumi na zaidi, kisha huingizwa sindano ndefu kupitia ukeni mpaka kwenye ovari. Wengi hutoka salama. Wachache tumbo linajaa maji, pumzi inabana, nami nimewapokea usiku wa manane. Kumbukeni kisa cha Korea ya Kusini. Profesa Hwang Woo-suk alitangaza mwaka 2004 na 2005 kwamba ametoa seli shina kwenye viinitete alivyovinakili, dunia ikampigia makofi, wakamtolea hadi stempu ya posta. Januari 2006 jarida la Science likazifuta makala zake zote mbili kwa kuwa data zilikuwa za uongo. Watu wanaukumbuka uongo. Mimi nakumbuka mayai zaidi ya 2,000 yaliyotolewa kwa wanawake, baadhi yao kwa kulipwa, na wawili wakiwa wafanyakazi wadogo wa maabara yake mwenyewe. Mfanyakazi mdogo anamwambiaje bosi hapana?

Na msidhani ni mambo ya Seoul tu. Watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na tangu hapo kliniki zimeongezeka, na magazeti ya kule yameandika zaidi ya mara moja juu ya wasichana wa vyuo wanaotoa mayai ili walipe ada. Mheshimiwa Millie Odhiambo alianza kupeleka bungeni muswada wa mambo haya mwaka 2014, na miaka ya 2020 bado alikuwa anaupigania. Kwa hivyo soko lilitangulia, sheria ikawa inalikimbilia nyuma. Wanaotaka kupigania uhai nyumbani, kazi hiyo hapo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ina nguvu na haifai kuirukia. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima inaweza kurudishwa nyuma ikawa karibu sawa na seli ya kiinitete. Alipata Nobeli 2012 na alistahiki. Basi watu wakasema, si yamekwisha, kiinitete cha nini tena? Ingekuwa hivyo mimi ningefurahi. Lakini majaribio mengi yaliyofika mbali yalitokana na seli za viinitete. Hapa London mwaka 2018 madaktari waliandika juu ya wagonjwa wawili waliokuwa wanapoteza macho kwa uzee, wakawekewa kiraka cha seli hizo nyuma ya jicho, wakaweza kusoma tena. Mwaka 2025 zilitoka habari za wagonjwa 12 wa Parkinson waliopandikizwa seli za neva ubongoni. Lengo lilikuwa kuona kama ni salama, na ilionekana salama, ingawa kutibu ni habari ya mbele. Mwaka huo huo, kisukari cha aina ya kwanza, wagonjwa 12 walipewa dozi kamili ya seli za kutengeneza insulini zilizokuzwa maabara, na baada ya mwaka 10 kati yao walikuwa hawachomi insulini. Wanameza dawa za kushusha kinga ya mwili, na hizo si mchezo. Na narudia, aina ya kwanza, sio hii sukari ya ukubwani ya kina baba zetu wa pilau na soda.

Namba ni ndogo mno, naona mnasema. Ni ndogo kweli. Huo ndio mwendo wa tiba ya kweli, inakwenda kwa watu kumi na wawili huku imeshika ukuta.

Swali jengine ambalo wenye kelele hawaliulizi ni nani ataila tiba hiyo. Chukueni selimundu, ugonjwa ambao sisi tunaujua kwa majina ya watoto tuliowazika. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwenye seli shina za damu za mgonjwa mwenyewe. Sikilizeni vizuri, hizi si za kiinitete, hazigusi mjadala huu hata kidogo, ni za uboho wako mwenyewe. Bei yake ya kwenye karatasi ni zaidi ya pauni milioni moja na nusu kwa mtu mmoja. Tanzania ni katika nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wa namna hii, kutoka kwa ndugu aliyelingana, na hilo ni jambo la kujivunia kuliko ujumbe wa sauti wowote ule. Seli shina zinaokoa watoto wetu leo hii, Dodoma, kwa njia ambayo hakuna padri wala sheikh anayeipinga, na watu wetu hawajui kwa sababu neno lenyewe wamelifunga kwenye kitanzi cha mimba.

Narudi kwa ule mchango, maana nimeulizwa nimetoa au sijatoa. Sijatoa kwa ajili ya sindano. Nimempigia baba wa mtoto, nikamuomba aniulizie hiyo kliniki mambo machache. Seli zinatoka wapi: kwa mtoto mwenyewe, kwenye kitovu, kwenye mimba iliyotoka, au kwenye kiinitete? Jaribio limeandikishwa wapi, na kamati gani ya maadili imelipitisha? Kwa nini mgonjwa analipa, wakati kwenye majaribio ya kweli mgonjwa halipishwi? Na baada ya miaka minne mtoto akipata uvimbe nani atamuangalia? Swali la mwisho sikulitunga. Mwaka 2009 madaktari walichapisha kisa cha kijana wa Israel aliyepelekwa Moscow mara tatu kudungwa seli za mimba zilizotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Miaka minne baada ya sindano ya kwanza akaonekana na uvimbe, na ulipopimwa zilikuwa ni zile seli za watu wengine zimeota ndani yake.

Kliniki imejibu swali moja tu kati ya yote, la bei, kwamba wanaweza kupunguza tukilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Mchango tuliokusanya ukoo mzima umekwenda kwa fundi wa viungo anayekuja nyumbani mara tatu kwa wiki, kwenye kiti cha magurudumu cha saizi yake, na dawa za kifafa za mwaka mzima. Shangazi hajafurahi. Anasema nimekuwa mzungu. Wenye maswali juu ya karatasi za friza au juu ya kliniki yoyote ya sindano waniandikie kwa faragha, nitajibu ninayoyajua, na nisiyoyajua nitawauliza waliosoma zaidi yangu.

Nawasilisha.